Kamba ya Kutoka Koboko

Lori la Lako liliingia Oli, mtaa wa magereji wa Arua, saa sita mchana likipiga honi kana kwamba limeleta bibi harusi. Nyuma yake, kwenye kamba nene ya katani, lilifuata gari kuukuu la kijivu, la dizeli, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ndani alikuwemo Emilia peke yake. Alikuwa amekaza shingo na kuung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, maana gari linalovutwa huku injini imezimwa huwa na usukani mzito kama jiwe la kusagia.

Anicet aliweka chini kikombe chake cha chai akatoka kwenye kivuli cha bati. Gari lile alilijua kuliko alivyoyajua magoti yake mwenyewe. Miaka minane alikuwa akilifungua na kulifunga, na hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa giaboksi yake. Alihakikisha hilo.

"Fundi!" Lako alipaza sauti kutoka dirishani. "Maiti yako hii! Tafuta sanduku!"

"Iko na homa tu," Anicet akajibu. "Mwenye sura ya maiti ni wewe. Umetembea mbio gani?"

"Dakika hamsini, Koboko mpaka hapa! Pale Manibe bodaboda zilikuwa zinajitupa kwenye mtaro zenyewe."

Anicet alicheka. Alicheka kweli, mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakageuka.

Lako akafungua mafundo, akaiviringisha kamba begani, kisha akainama kwenye dirisha la gari la kijivu. "Dada, Mungu amsaidie mama," alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake. Akapanda lori akaondoka.

Emilia hakushuka mara moja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Koboko, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mazoea ya kusema kwa utaratibu. Nyuma yake viti vilikuwa vimeng'olewa. Mahali pake palitandikwa godoro lenye shuka la maua, na kando ya godoro kulikuwa na beseni, dumu la maji na jembe la kuchimbulia magurudumu kwenye tope.

Godoro hilo lilikuwa la mama yake, Margarita, na Margarita alikuwa anakufa. Hakuna aliyelificha neno hilo tena, hata yeye mwenyewe. Hospitali walikuwa wamemwambia Emilia ampeleke mama nyumbani, wakimaanisha kile chumba cha kupanga cha Koboko walichokaa tangu walipokimbia vita. Margarita aliposikia "nyumbani" hakufikiria Koboko hata kidogo. Nyumbani kwake kulikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Morobo, kwenye uwanja wa nyumba yake alimomzika mumewe na watoto wake wawili. Na hakutaka kufikishwa huko akiwa ndani ya sanduku. Kwao mtu aliyekaa mbali miaka mingi huyapitia makaburi ya watu wake moja baada ya jingine, anaita jina, anasalimia, anaeleza alikokuwa. "Nipelekeni nikiwa na pumzi," alisema. "Nataka kuwasalimia kwa mdomo wangu."

Madereva wa abiria wa mpakani walikataa. Mtu akifia garini, gari hilo huchinjiwa mbuzi, na hata baada ya mbuzi abiria wa Koboko hulikwepa kwa wiki nyingi. Isitoshe mvua ilikuwa imeshaanza ng'ambo, na ukishapita Kaya, mji wa mpakani, gari la kawaida huzama mpaka milangoni. Lilibaki gari moja tu, hili la kijivu, la mjomba Celestino, kaka yake Margarita.

Alfajiri ya siku hiyo walikuwa wamemlaza mgonjwa kwenye godoro, mjomba akakaa naye nyuma, Emilia akaendesha. Walifika kwenye kizuizi cha polisi cha kutokea mjini, na hapo hapo gari likagoma. Injini ilinguruma, magurudumu yakatulia. Wanaume wanne wakamrudisha Margarita chumbani ndani ya blanketi. Godoro waliliacha garini, kwa kuwa Anicet alikuwa amesema kwenye simu kwamba jioni gari litarudi.

Hivyo ndivyo alivyosema. Na hakusema hivyo tu.

"Fundi, Tombe iko hapa chini ya gari," Emilia alikuwa amemwambia asubuhi ile kutoka kwenye kizuizi. "Anasema ameona kitu. Anaomba dakika kumi."

"Tombe?" Anicet alikuwa bado ana mswaki mkononi. "Tombe anajua nini ya otomatiki? Huyo mutu alibeba sanduku yangu ya spana miaka ine, basi anafikiri ni fundi. Mwambie atoke chini ya gari yangu. Akigusa kitu, mimi sitashika tena. Tafuta lori, funga kamba, vuta leo leo. Nitaifungua, jioni unarudi."

Tombe alikuwa mwanafunzi wake. Siku moja, bila kuaga vizuri, aliondoka akafungua gereji yake Koboko, na wateja wa upande ule wakaanza kupungua Oli mmoja mmoja. Anicet, aliyevuka mpaka kutoka Aru miaka ishirini nyuma akiwa na begi moja la spana, aliyeitwa daktari wa otomatiki kuanzia Dadamu mpaka Oraba, hakuwahi kulisamehe jambo hilo.

Sasa Emilia alishuka. "Fundi, mama amekunywa maji vijiko viwili tu tangu jana," alisema. "Niambie kitu cha kweli."

"Kaa pale kwenye benchi. Kitu cha kweli kiko ndani ya hii gari, nitakitoa."

Benchi lilikuwa limeegeshwa kando ya mlango, likiutazama ukuta mrefu wa gereji uliopakwa chokaa. Emilia akakaa.

Anicet alianza kwa pua. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakitumbukiza tena, akakitoa. Mwezi wa kwanza alikuwa ametia oili mpya kwa mkono wake, nyekundu kama divai ya misa. Hii iliyokuwa kwenye kijiti ilikuwa nyeusi, na ilinuka kama mandazi yaliyosahauliwa kwenye karai la moto. Aliisugua kati ya vidole viwili. Ilikwaruza.

Alikaa kwenye kiti cha dereva, akawasha injini, akasogeza kigia kutoka nafasi hadi nafasi. Mbele, hakuna. Nyuma, hakuna. Mkono wake ulihisi jambo, wepesi fulani katika kile kigia, kama kijiko ndani ya uji uliopoa. Lakini pua ilikuwa imeshamwambia habari nyingine, na yeye aliiamini pua.

Alilipandisha gari kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akaingia kifudifudi na kugeuka chali. Akafungua boliti za karai la chini la giaboksi. Karai lilipotoka, alilishusha kifuani akalitazama kwa muda mrefu. Chini ya oili ile nyeusi palimetameta chenga za chuma, nyingi, kama magamba madogo ya samaki mahali pa kuparuria. Sumaku ndogo inayokaa ndani ya karai kunasa uchafu ilikuwa imeota ndevu. Na katikati, vipande vyeusi, vilaini, vilivyovunjika ukivibonyeza: ngozi za sahani za klachi.

Alitoka chini akiwa amebeba karai kwa mikono miwili.

"Iko namna gani?" Emilia aliuliza.

"Imeungua."

"Kitu gani imeungua?"

"Ndani yote."

"Basi toa hiyo imeungua, weka ingine. Wewe ni daktari."

"Ngoja," Anicet alisema, akavuka barabara bila hata kunawa mikono.

Filda alikuwa akiuza vyuma vya magari yaliyochinjwa, na banda lake lilijaa injini, milango na magurudumu mpaka mwenyewe alipita kwa ubavu. Alimwona Anicet akija akapiga makofi. "Leo jua litazama mashariki! Daktari amekuja kwa miguu yake!"

"Filda, ile giaboksi ya otomatiki, ya dizeli. Iko?"

"Ya dizeli ilienda Juba wiki mbili sasa. Imebaki ya petroli."

"Nipe hiyo."

Filda akaacha kutabasamu. "Shingo yake, pale inashika injini, haikubali dizeli, Anicet. Wewe mwenyewe ulinifundisha hiyo, hapa hapa, ukanitukana na jina ya baba yangu. Nani amekufa?"

"Hajakufa bado," Anicet alisema.

Filda alipiga simu Kampala huku Anicet akisimama mlangoni, oili ikimkauka kwenye vidole. Ndiyo, ilikuwepo moja. Ingepakiwa kwenye basi kesho jioni, ifike Arua kesho kutwa, kama basi halitaharibika. Kuifunga, siku mbili, kama ni yenyewe kweli na siyo ndugu yake tu. Anicet alihesabu kwa vidole vyeusi, akarudi kuvuka barabara polepole kuliko alivyokwenda.

"Siku ine," alimwambia Emilia. "Tano."

Emilia alifungua mdomo, na simu yake ikalia kabla hajasema. Aliitazama kwanza. Kisha akaipokea, na kwa kuwa spika ya sikioni ilikuwa mbovu, sauti ya Margarita ikamwagika mpaka kwenye gari. Ilikuwa sauti nyembamba, kavu, na ilisema Kikakwa, kwani Kiswahili Margarita alikitumia na wageni tu. Anicet alikuwa anajua Kikakwa cha kuuliza bei tu, lakini lile neno arabiya, gari, alilijua, na lilitajwa mara mbili. Emilia alijibu kifupi. Halafu akasikiliza. Halafu akajibu tena, kwa upole wa mtu anayezungumza na mtoto wa darasa la kwanza.

"Anasema nini?" Anicet aliuliza simu ilipokatika.

"Anauliza kama gari imelewa. Anasema imwagiwe maji kichwani kama vile tulikuwa tunafanya kwa baba." Alicheka kidogo puani, kisha akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Nimemwambia unaimwagia."

Anicet alirudi kwenye karai. Alilitazama kama mtu anayesoma barua ambayo maneno yake anayaelewa na maana yake haimwingii. Kuna jambo halikukaa sawa. Giaboksi haifi kama mtu aliyegongwa na lori. Inaugua kwanza. Inachelewa kushika, inatikisika ikibadilisha, inateleza mlimani, inalalamika wiki nzima kabla ya kulala chini. Yeye aliliendesha gari hili mwezi uliopita, na lilikwenda kama maji.

"Emilia. Kabla ya kizuizi, ilikuwa inateleza? Injini inalia, gari inabaki?"

"Hapana."

"Ilipiga teke? Ilichelewa kushika?"

"Fundi, ilitembea vizuri kabisa. Mama alikuwa anaimba nyuma. Tulifika kwa polisi, nikasimama, nikaweka N, ile ya kusimama, kama mjomba alinifundisha, polisi akaangalia karatasi. Akasema nenda. Nikaweka D ya kwenda mbele, na kigia ikaenda bure. Ikaenda kama haijafungwa na kitu."

Anicet akanyanyua kichwa.

"Na ile taa," Emilia aliendelea. "Ile ya kuonyesha herufi, mbele ya usukani. Mimi niko na kigia kwa D, taa inaonyesha N. Narudisha kwa R, taa inaonyesha N. Nikamwambia Tombe, ndiyo maana aliingia chini."

Anicet hakungoja amalize. Alirudi chini ya gari, na sasa hakuangalia kule kwenye karai. Alitambaa mpaka ubavuni mwa giaboksi, mahali ambapo kebo kutoka kwenye kigia huja kushika mkono mdogo wa chuma unaobadilisha gia kwa nje. Kebo ilikuwa inaning'inia. Kichwa chake kilikuwa kitupu. Bushi ya plastiki inayokikamata kile kichwa kwenye mkono wa chuma, kitu kisichozidi punje ya haragwe, ilikuwa imechakaa ikapasuka na kudondoka, pengine pale pale mbele ya polisi. Kigia kilikuwa kinasukuma kebo, na kebo haikusukuma chochote. Giaboksi ilibaki kwenye N, salama, ikingoja kuambiwa.

Ugonjwa wote ulikuwa huo. Kipande cha waya kingeuponya.

Alilala pale chini ya gari, na oili ikamdondokea shingoni, na hakusogea. Kama pale Koboko giaboksi ilikuwa nzima, basi iliungua wapi? Hakuhitaji kutafuta jibu. Alilijua tangu Lako alipofungua mdomo, na alilicheka. Dakika hamsini.

Alipotoka, Emilia alikuwa amesimama. Hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anautazama ukuta.

Kwenye chokaa, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa zilizoinama kidogo kuelekea kulia, palikuwa pameandikwa maneno ambayo Anicet aliyaandika mwenyewe miaka mitatu nyuma, baada ya gari la mapadre kufishwa kwa namna ile ile: OTOMATIKI HAPANA VUTA NA KAMBA. WEKA GIA NDOGO KATIKATI KWANZA. Alikuwa ameyapita kila siku tangu hapo, mpaka yakawa sehemu ya ukuta kama nyufa zake.

"Fundi," Emilia alisema, kwa sauti ya darasani, "nimekaa hapa kutoka mchana nasoma hii maneno. Gia ndogo ni nini?"

Angeweza kumwambia lolote. Angeweza kusema ni habari za magari mengine, ya petroli, ya zamani, ya wazungu. Mwalimu wa Koboko angejuaje? Mjomba Celestino angejuaje? Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umenyooka, una sura ya ufundi. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesema mchana kwamba anataka kitu cha kweli, na yeye alikuwa amejibu kwamba atakitoa.

Alifungua mlango wa gari, akaonyesha. Kando ya kigia kikubwa kulikuwa na kigia kingine, kifupi, chenye kichwa cheusi kilicholika. "Hii. Ya kuingiza magurudumu yote ine. Ukiiweka katikati, magurudumu yanazunguka na giaboksi inalala. Hapana umia."

"Na kama huweki?"

"Magurudumu yanaizungusha giaboksi kutoka nyuma. Na kama injini imezimwa, pampu ya oili haizunguki. Inazunguka kavu. Kutoka Koboko mpaka hapa, kavu, mbio ya Lako. Ilitoka Koboko iko nzima, Emilia. Ilikuwa kebo tu. Bushi kidogo kama haragwe. Iliungua njiani."

Emilia alikishika kile kigia kifupi. Kilisogea kwa kidole. "Hii? Mama alikuwa anatundika mkoba wake hapa, siku mjomba akimpeleka kanisani."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimekaa karibu nayo safari yote. Mkono wangu ulikuwa hapa. Ulikuwa unajua hii maneno?"

"Niliandika mimi."

"Na kwa simu ulisema nini?"

Wote wawili walikuwa wanakumbuka. Kwa simu alikuwa amemsema Tombe. Maneno yote ya simu ile, dakika nzima, alikuwa ameyamaliza kwa Tombe, na kwa gari lilibaki neno moja: vuta.

"Kuna kitu kimoja tunaweza kujaribu," alisema hatimaye. Alijua ni kitu gani na alijua kitafika wapi, lakini mikono yake haikuweza kukaa. Alikata waya, akaukunja mara tatu, akaifunga kebo kwenye mkono wake wa chuma. Akasafisha karai, akanyoa sumaku ndevu zake, akafunga boliti, akamimina oili mpya, nyekundu. Akalishusha gari. Emilia alisimama kando, mkono mmoja juu ya boneti kama mtu aliyemshika ng'ombe wakati wa kuzaa.

Anicet akawasha. Akakanyaga breki, akasogeza kigia. Hakikuwa chepesi tena. Kila nafasi ilishika na kutoa sauti yake ndogo safi, na taa zikamfuata bila kosa: R, N, D. Kila herufi mahali pake. Kwa muda wa pumzi moja hata yeye alisadiki. Akaachia breki, akakanyaga mafuta kidogo.

Gari lilitikisika. Likasogea mbele, kiasi cha kiganja kimoja. Kisha kutoka chini kikaja kilio cha chuma kwenye chuma, kirefu, na harufu ile ya mandazi, na gari likasimama huku injini ikinguruma bure. Mafundi wa gereji ya jirani waliacha kazi zao. Fundi yeyote huijua sauti ile.

Alizima injini.

Emilia aliondoa mkono wake kwenye boneti. Alitembea hatua chache mpaka kwenye kona ya ukuta, akapiga simu, na safari hii alizungumza Kiswahili, pengine kwa sababu kwa Kikakwa maneno yale yasingemtoka.

"Mjomba. Gari imekufa. Hapana, haiendi tena. Mjomba, nisikilize. Nenda kwa padre. Muulize kama kuna nafasi kwa makaburi ya kanisa, pale Koboko. Ndiyo. Muulize leo, mama akiwa bado hai, wasije kutusumbua baadaye na karatasi za ukimbizi." Alisikiliza. "Usimwambie mama. Nakuja, nitamwambia mimi."

Alirudi garini, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kulikunja godoro. Anicet alikwenda kumsaidia. Walilikunja pamoja, wakalifunga kwa kitenge, maana kamba hakuna aliyetaka kuishika. Beseni na dumu aliviacha. Jembe alilitazama kidogo, akalichukua.

Barabarani gari la abiria la Koboko lilikuwa linaita watu. Utingo akalitupa godoro juu, akauliza kwa utani kama dada anahama, na mume amemwacha wapi. Alipomwona uso alinyamaza akamtafutia kiti cha dirishani.

"Emilia," Anicet alisema, akiwa amesimama chini ya dirisha. "Nitaleta ile giaboksi. Sitaki chochote kwa mjomba. Nitaifunga, itatembea."

"Itatembea kwenda wapi, fundi?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyomuuliza mtoto aliyekosa hesabu, akingoja kweli jibu. Kisha akasema, "Asubuhi mama alimgombeza Tombe. Alimwambia anachezea gari ya watu, anachelewesha safari, kwa sababu wewe ulisema. Mbele ya watu wote, na polisi. Mpigie Tombe umwambie."

Gari likaondoka. Anicet alisimama pale mpaka vumbi likatua. Upande wa Koboko, mbali, mawingu yalikuwa yamejipanga meusi chini na meupe juu, na hayo yalikuwa ya huku. Ya ng'ambo yalikuwa yameshanyesha.

Ilimchukua muda kulitafuta jina la Tombe kwenye simu, kwa sababu alikuwa amelifuta, na namba akaikuta kwenye kava la daftari la zamani. Simu iliita mara moja tu.

"Mwalimu," Tombe alisema. Alikuwa bado anamwita hivyo.

"Ilikuwa kebo," Anicet alisema.

"Niliona, mwalimu. Bushi. Nilishakata waya, nimeukunja tayari. Mpaka sasa uko mfukoni." Nyuma ya sauti yake palisikika mlango, na mtu akikohoa. "Mwalimu, si ungeniruhusu dakika kumi tu."

"Nimeivuta bila gia ndogo."

Miaka minne Tombe alifundishwa jambo hilo kwa matusi, hakuhitaji kuelezwa. Anicet angependa atukanwe. Alisubiri, na tusi halikuja.

"Uko wapi?" Anicet akauliza mwishowe.

"Niko hapa kwa mama yake Emilia. Mzee Celestino ametoka sasa hivi, ameenda kanisani, amesema nikae na mama." Tombe akashusha sauti. "Ameamka. Amejua ni wewe kwa simu. Anauliza kama gari inakuja. Mwalimu, nimwambie nini?"

Emilia alikuwa amesema atamwambia yeye. Emilia alikuwa bado Manibe, labda hata hajafika Manibe, amekaa dirishani na jembe katikati ya magoti. Anicet alitazama gari la kijivu, na taa ya D ambayo alikuwa amesahau kuizima, ikiwaka vizuri kabisa.

"Mpe simu. Nitamwambia mimi," alisema.

Alisikia simu ikipita kutoka mkono hadi mkono, kitambaa kikikwaruza, kitanda kikilia. Halafu pumzi, fupi fupi, karibu sana na sikio lake, zikimngoja aseme.